Kazi Ndogo Ndogo za Mbege: Upishi wa Pombe ya Ndizi na Ulezi, Siku kwa Siku

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi inayopikwa na Wachagga katika vijiji vilivyotapakaa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, na ingawa watu wengi nje ya mkoa huo huijua kwa habari ya unywaji wake, yaani matambiko, posa, harusi na mikusanyiko ya mwisho wa mwaka wakati wana wa ukoo wanaporudi nyumbani kutoka mijini, ni wachache wanaoijua kwa habari ya kazi yake. Kazi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake, haina tukio moja kubwa linaloweza kuitwa upishi. Inafanyika kwa vipande vingi vidogo vinavyoenea katika muda wa wiki moja hadi siku kumi au zaidi: kulowesha nafaka, kuigeuza, kuianika, kuvundika ndizi, kuchochea moto, kuepua, kufunika, kuonja, kuchuja. Kila kimoja cha vipande hivyo kina sababu yake ya kikemia, hata pale ambapo mpishi mwenyewe hakuwahi kuisikia sababu hiyo ikitajwa darasani, na ni katika vipande hivyo, zaidi ya katika kiasi cha ndizi au cha ulezi, ndimo pombe nzuri inamotengana na pombe mbaya.

Ugumu wa kwanza ni wa kalenda. Mbege hutokana na mikondo miwili ya kazi, mmoja wa ulezi na mwingine wa ndizi, ambayo huanza siku tofauti, huenda kwa mwendo tofauti, na lazima ikutane siku moja. Na kwa kuwa pombe ikishaiva haikai, mpishi hulazimika kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kunywewa. Harusi ikiwa Jumamosi, michanganyo hukutanishwa Ijumaa, ndizi huwa zimepikwa wiki moja hivi kabla yake, na kabla ya hapo zilikwisha kukatwa na kuvundikwa, ilhali kimea kilitakiwa kiwe kikavu na tayari kusagwa mapema zaidi, kwa sababu jua haliagizwi. Mpishi anayeuza pombe kila wiki huwa na mikondo kadhaa inayopishana, mmoja ukiwa katika kuloweshwa, mwingine juani, mwingine ndani ya pipa, na uwezo wa kuikumbuka yote bila kuichanganya ni sehemu ya ufundi ambayo mnywaji haioni kamwe.

Ulezi, ambao wataalamu wa mimea huuita Eleusine coracana, ni nafaka ndogo nyekundu ya kahawia iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na zamani ulilimwa kwa wingi mlimani Kilimanjaro kwa maji ya mifongo, ile mifereji ya jadi iliyochimbwa kuteremsha maji ya vijito hadi mashambani. Chembe ya ulezi imejaa wanga, na wanga ni chakula kisicholiwa moja kwa moja na hamira, yaani kuvu wadogo wa chembe moja wanaogeuza sukari kuwa kileo. Ili hamira wapate chakula, wanga lazima ukatwekatwe kuwa sukari, na mkataji bora amelala ndani ya nafaka yenyewe, akisubiri dalili kwamba wakati wa kuota umefika. Dalili hiyo ni maji. Ulezi ukiloweshwa kwa muda wa karibu siku nzima, ukatolewa majini, ukafunikwa kwa gunia au majani ya mgomba mahali penye joto la kadiri, kiini chake huamka na kuanza kutengeneza vimeng'enya, ambavyo ni kemikali za uhai zenye kuharakisha mabadiliko bila zenyewe kutumika. Kile kinachoitwa amilesi kazi yake ni kuvunja wanga. Mmea ulikusudia sukari hiyo iwe chakula cha chipukizi, na mpishi huingilia kati na kuichukua kabla chipukizi halijaila.

Kwa siku mbili, tatu au nne hivi, kazi ya mpishi ni ndogo sana machoni pa mtu anayetazama, lakini haina likizo. Ulezi unaoota hutoa joto kama kiumbe chochote kinachopumua, na ukirundikwa bila kuguswa, katikati ya rundo hupata moto kupita kiasi huku kingo zikikauka, hivyo sehemu moja hufa na nyingine haioti kabisa. Kwa hiyo rundo hufunuliwa, hunyunyiziwa maji kidogo, hugeuzwa ili kilichokuwa chini kije juu, kisha hufunikwa tena. Mizizi ikishachomoza na kuanza kushikana, ulezi huanikwa. Kuchelewa kuuanika kuna hasara, kwa sababu chipukizi linaloachwa likue hula sukari ile ile inayotafutwa, na kuuanika mapema mno kuna hasara nyingine, kwa sababu vimeng'enya huwa bado ni haba. Nafaka iliyoota na kukaushwa namna hii ndiyo kimea, na kwa kimea hicho hicho kaya nyingi za Tanzania hutengeneza togwa, kinywaji kitamu kinachopewa hata watoto.

Hatari kubwa katika hatua hii ni ukungu. Nafaka yenye majimaji, joto na giza ni mahali pazuri pa kuotea kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, sumu ambayo haionekani kwa macho, haina ladha ya kumtahadharisha mlaji, na haiondolewi yote na joto la jikoni. Tanzania ilipata kuona madhara yake mwaka 2016, wakati mahindi yaliyochafuliwa na sumukuvu yalipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa sababu hiyo ile kazi inayodharauliwa ya kupeta ulezi katika ungo kabla ya kuulowesha, kuondoa chembe zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kisha kuanika kimea kwa tabaka jembamba juu ya turubai safi badala ya kukirundika ardhini, inastahili kuhesabiwa kuwa kinga ya afya. Kimea chenye harufu ya uvundo au chenye nyuzi za kijivu ni cha kutupwa, na mpishi anayekisaga kwa kuhurumia gharama yake anawauzia wateja wake hasara ambayo hawawezi kuiona.

Mkondo wa pili ni wa ndizi. Katika kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, migomba huota pamoja na kahawa na miti ya kivuli, na si kila ndizi huenda kwenye mbege, kwa maana mchare ni wa kupika na kisukari ni cha kula, wakati zile ziitwazo ndizi ng'ombe, nene na zisizopendwa sana mezani, ni miongoni mwa zinazotengwa kwa pombe. Ndizi mbichi iliyokomaa ni hazina ya wanga kama ulezi, lakini tofauti na ulezi haihitaji kuloweshwa ili ijivunje: inapoiva, karibu wanga wake wote hugeuka sukari ndani ya ganda lenyewe. Kinachoharakisha mabadiliko hayo ni hewa ya ethilini, inayotolewa na tunda lenyewe, na kuvundika ndizi, iwe ni ndani ya shimo lililotandikwa majani au darini juu ya jiko, ni njia ya kuizuia hewa hiyo isitawanyike. Moshi wa kuni pia una ethilini ndani yake, jambo linaloeleza kwa nini ndizi za darini huiva kwa pamoja kuliko zile zilizoachwa uani. Uivaji wa pamoja una maana kubwa, kwani mkungu ulioiva nusu huleta wanga ambao hamira hawawezi kuutumia, na kuivisha kupita kiasi huleta ndizi zilizokwisha kuanza kuchachuka zenyewe kwa vijidudu ambavyo mpishi hakuvichagua.

Ndizi zikiiva humenywa, hutiwa ndani ya sufuria kubwa au pipa pamoja na maji, na hupikwa kwa saa nyingi hadi zilainike kabisa na rangi yake igeuke kutoka njano kuwa wekundu wa kahawia. Wapishi wazoefu hawatumii saa kuamua kiasi cha kupika bali rangi hiyo, na wana haki, kwa kuwa rangi ni ushahidi wa mabadiliko halisi: sukari na protini zinapokaa pamoja motoni kwa muda mrefu huungana na kuzaa rangi ya kahawia na ladha nzito, kama inavyotokea kwenye ganda la mkate. Saa ingeweza hata kudanganya, maana katika kimo cha mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, na kimo cha vijiji vya mlimani hutofautiana sana. Kuchemsha huko kuna faida nyingine ambayo haionekani, nayo ni kuua vijidudu vilivyokuja na maganda, mikono na visu, hivyo kwamba rojo linaloepuliwa ni kama shamba lililopaliwa, tayari kwa mbegu itakayopandwa.

Baada ya kuepuliwa, rojo hilo huachwa lipoe, humiminwa katika chombo cha kuchachushia na kufunikwa, kisha huachwa kwa siku kadhaa, mara nyingi karibu wiki moja. Hapo ndipo hamira wanapofanya kazi. Kila gramu 100 za sukari zinazoliwa na hamira, kwa hesabu ya nadharia, hutoa gramu 51 za kileo na gramu 49 za hewa ya kaboni dioksaidi, ile inayopandisha povu na kusukuma kifuniko. Elimu hii ni changa kuliko pombe yenyewe: ni katika miaka ya 1850 tu ambapo Mfaransa Louis Pasteur alianza kuonyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner akathibitisha kwamba hata utomvu uliokamuliwa kutoka kwenye hamira, usio na chembe hai ndani yake, huchachusha sukari kwa nguvu ya vimeng'enya. Kabla ya wao, na bila wao, wapika pombe wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kujua kwamba chombo kilichopikia pombe nzuri jana kitapika pombe nzuri kesho.

Ujuzi huo wa chombo ndio msingi wa mbege. Hakuna hamira ya dukani inayohitajika, kwa kuwa hamira wamo katika mabaki ya pombe iliyotangulia, katika nyufa za mti uliochongwa kuwa chombo, na hewani. Pamoja na hamira huja bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa, wa jamii ile ile inayogandisha mtindi, na ukali wanaouleta ni sehemu ya ladha ya mbege na pia ni ulinzi wake, kwa maana bakteria wengi wa magonjwa ya tumbo hushindwa kustawi pale asidi inapopanda na kileo kuanza kuongezeka. Adui aliyebaki ni bakteria wa siki, ambao hugeuza kileo kuwa siki, nao wana udhaifu mmoja mkubwa: hawawezi kufanya kazi bila hewa ya oksijeni. Wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu ndio wanaowasafirisha. Kitambaa safi kilichofungwa vizuri mdomoni mwa pipa, na mkono unaojizuia kufunua ili kuchungulia kila saa, huokoa pombe nyingi kuliko kiungo chochote.

Hapa inafaa kusemwa wazi jambo linalohusu vyombo vya leo. Vyombo vya mti vimepungua na mapipa ya plastiki yamechukua nafasi yao, na hilo si baya lenyewe, kwa kuwa plastiki husuguliwa ikatakata kwa urahisi kuliko mti. Ubaya uko katika mapipa yaliyowahi kubeba dawa za mashamba, rangi au kemikali za viwandani, yanayouzwa kwa bei nafuu baada ya kuoshwa. Kileo na asidi ni viyeyushi, na huvuta kutoka katika plastiki vitu ambavyo maji ya kuoshea hayakuvitoa. Pipa la namna hiyo halifai kwa pombe wala kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara ngapi.

Kiungo kinachoitofautisha mbege na pombe nyingine za ndizi za eneo la Maziwa Makuu, kama vile lubisi ya Kagera na urwagwa wa Rwanda, ni msesewa, mti ambao jina lake la kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Magome yake hukaushwa, hutwangwa na kutumiwa kwa kiasi kidogo sana, na uchungu wake husawazisha utamu wa ndizi, kazi inayofanywa na maua ya hopsi katika bia ya shayiri. Wapishi husema pia kwamba huisaidia pombe isiharibike upesi. Uchungu huo unatokana na alikaloidi, kundi la kemikali za mimea zenye nguvu mwilini, na jenasi ya mti huu ina ndugu wa Asia ambaye mizizi yake ilitoa reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotengwa mwaka 1952. Kwa hiyo udogo wa kipimo una sababu zaidi ya ladha, na kijana anayejifunza upishi hufundishwa kipimo cha msesewa kwa ukali kuliko kipimo cha kitu kingine. Namna ya kuutia hutofautiana kati ya kijiji na kijiji.

Siku ya kukutanisha mikondo miwili ndiyo yenye shughuli nyingi. Rojo la ndizi lililochachuka huongezwa maji na kuchujwa, zamani kwa nyasi na siku hizi kwa vitambaa na vichujio, hadi nyuzi zibaki pembeni. Upande mwingine, kimea kilichosagwa hukorogwa katika maji na kupikwa kuwa uji, na hapo ndipo ilipo kazi ndogo yenye uzito kuliko zote. Amilesi hufanya kazi kwa kasi kubwa kati ya nyuzijoto 60 na 70, na joto la kuchemka huziharibu kabisa. Unga ukimwagwa ghafla katika maji yanayotokota, vimeng'enya hufa kabla havijavunja wanga, na uji hubaki mzito na usio na utamu. Ukianzishwa katika maji ya baridi na kupandishwa moto polepole, uji hupita katika joto linalofaa kwa muda wa kutosha, huwa mwepesi mbele ya macho ya mpishi, na ulimi huonja sukari ambayo haikutiwa na mtu. Mpishi anayepunguza kuni wakati huo, akakoroga bila haraka, anatawala mabadiliko yale yale ambayo kiwanda cha bia huyatawala kwa mitambo na vipimajoto.

Uji huo ukipoa hadi kiwango ambacho mkono unaweza kukivumilia bila shida, huchanganywa na maji ya ndizi na kuachwa usiku mmoja. Kupoza si jambo la kupuuzwa, kwa sababu uji wa moto huwaua hamira waliolelewa kwa wiki nzima. Wakikutana na uji uliopoa, hamira hao ambao walikuwa wamekwisha kumaliza sehemu kubwa ya sukari ya ndizi hupata chakula kipya, huamka upya, na kufikia asubuhi chombo huwa kinanong'ona kwa mapovu na maganda mekundu ya ulezi yameelea juu. Katika miezi ya baridi, kati ya Juni na Agosti, kazi hiyo huchelewa, na mpishi hukisogeza chombo karibu na jiko au kukifunga kwa magunia. Kuonja ndiko kunakotoa uamuzi wa mwisho: utamu ukitawala, pombe haijaiva, utamu, uchungu na ukali vikilingana, iko tayari, ukali ukishinda, imechacha.

Nafasi kati ya kuiva na kuchacha ni fupi, siku moja au mbili, na ufupi huo unaeleza mengi kuhusu uchumi wa mbege. Haiwezi kuwekwa ghalani ikingoja bei. Mpishi anayekosea kukadiria wateja hupoteza ndizi, ulezi, kuni na wiki nzima ya kazi, na kwa kuwa pato hilo ndilo linalolipia ada za shule na matibabu katika kaya nyingi, kukadiria mahitaji ya soko ni ujuzi unaolingana na kukadiria joto. Sheria nayo ina sehemu yake: uuzaji wa pombe za kienyeji nchini Tanzania umewekewa utaratibu wa leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na pombe zinazokenekwa, kama gongo, ziko katika fungu jingine kabisa. Mbege haikenekwi, kileo chake kiko katika kundi la bia, na si haki kuihukumu kwa madhara ya gongo, ingawa hata mbege ikinywewa bila kiasi huleta maangamizi ya nyumba kama kileo kingine chochote.

Nyenzo chache za bei nafuu zingeweza kuusaidia ufundi huu bila kuubadilisha tabia yake. Kipimajoto kimoja kingemwonyesha mwanafunzi mahali ambapo mkono wa bibi yake ulipajua kwa mazoea, na daftari la kurasa mia lingehifadhi tarehe za kulowesha, kiasi cha maji, hali ya hewa na ladha iliyopatikana, mambo ambayo sasa huhifadhiwa vichwani na huondoka na wenye vichwa hivyo. Pendekezo la kuleta hamira ya viwandani, linalotolewa mara kwa mara na watu wenye nia njema, lina faida ya kuifanya pombe ifanane kila mara, lakini mchanganyiko wa hamira na bakteria unaoishi katika vyombo vya kila kaya ndio unaoipa pombe ya nyumba moja ladha isiyopatikana kwa jirani, na ukipotea hauwezi kununuliwa tena. Kinachostahili kutangulia ni usafi wa kimea, usalama wa mapipa na majiko yanayookoa kuni, kwa maana ndizi zinazochemshwa kwa saa nyingi hula kuni nyingi, na misitu ya mlima inalindwa.

Machicha, yaani makapi ya ndizi na ulezi yanayobaki baada ya kuchuja, hupelekwa zizini. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani ya vihamba huyala, na nguruwe vilevile, kwa kipimo, kwa kuwa machicha mabichi bado yana kileo na asidi. Samadi yao hurudishwa kwenye mashina ya migomba, hivyo sehemu kubwa ya rutuba iliyotoka shambani ndani ya mkungu hurejea shambani. Kinachopungua huzibwa na majani ya kahawa na ya miti ya kivuli yanayoozea papo hapo, wakati ulezi unaonunuliwa sokoni huongeza kidogo rutuba iliyotoka katika mashamba ya watu wengine.